Ngozi Mpya ya Kungwi

Kungwi alikuwa amefika katikati ya lami, familia nzima ya pundamilia ikiwa nyuma yake, pale kipande cha ngozi kilipombanduka begani kikaanguka chini kama kiraka cha suruali kuukuu.

"Si sasa," Mwantumu, fundi wake, alisema kando ya barabara huku amekaza meno. "Vuka kwanza, ndipo uchakae."

Kungwi hakusikia, maana hakuwa na masikio ya kusikia maneno ya watu. Alikuwa mashine ya miguu minne iliyovikwa ngozi halisi ya pundamilia jike, na kazi yake ilikuwa moja: kuwavusha wenzake barabara kuu inayokata hifadhi. Kwenye ubavu wake Mamlaka ya barabara ilikuwa imebandika jina refu, Kielekezi cha Wanyama. Wanawake wa karakana ya ngozi walilisoma mara moja, wakacheka, wakamwita Kungwi, kwa kuwa naye alimshika mwali akamwongoza mpaka akavuka.

Leo wanawali wake walikuwa wamegoma. Jike kiongozi, ambaye Mwantumu alimwita Sikio kwa sababu sikio lake la kushoto lilikatika nusu, aliinamisha pua kwenye kile kipande cha ngozi. Akakinusa. Akainua kichwa, akamtazama Kungwi kama anayemtilia shaka mgeni aliyeingia kwa jina la ndugu. Nyuma yake familia ikasimama, na mtoto wa mwisho, mwenye miguu mirefu kuliko akili, akageuka kurudi alikotoka.

Nguzo za pembeni zilikuwa zimekwisha kuyaambia malori yote yapunguze mwendo, kama zilivyofanya kila Kungwi alipokanyaga lami. Lori la kwanza lilijifunga breki lenyewe, likasimama kwa adabu. La pili lilikuwa la zamani, la usukani wa mkono, lililosheheni vitunguu. Dereva wake aliona lori la mbele limesimama, akaona na milia, akakwepa. Lori likaingia majanini, likainama, likabaki limeinama, na magunia yakapasuka. Vitunguu vikabingirika mpaka kwenye kwato za pundamilia. Hapo hata Kungwi angekuwa na ngozi ya hariri asingewazuia. Walikimbia wote.

Mlango wa lori ukafunguka. Kijana akaruka chini, mkononi ana kisu.

"Yuko wapi?" alipiga kelele. "Amekufa? Hajafa?"

"Hajagongwa yeyote! Rudisha kisu chako!"

"Mama, nilidhani nimemgonga. Nimewahi nimchinje, asife kibudu."

"Na wewe ungekufa nini, ukisimama hapa kwenye kona na kisu, na basi linakuja nyuma yako?" Mwantumu alikwisha kumfikia. "Na nani alikufundisha kukwepa? Mnyama akiwa mbele unashika breki na kuunyoosha usukani. Ukimwona mmoja, jua wa pili yuko majanini anakungoja. Ukikwepa, unamwacha pundamilia unaukumbatia mti. Mlikwenda chuo gani cha udereva ninyi?"

Kijana alitazama kisu, akatazama lori, akatazama vitunguu vyake barabarani.

"Sikwenda, mama," alisema.

Mwantumu alishusha pumzi. Akaokota kipande cha ngozi, akakitikisa vumbi. Manyoya yalitoka yenyewe, yakamwachia vidole vyeupe na vyeusi.

*

Katika karakana ile mnyama aliyekufa hakupumzika. Nyama yake ilipandishwa kwenye jukwaa la tai nyuma ya uzio, maana tai nao walikuwa wakigongwa walipoifuata barabarani. Mifupa ilisagwa ikawa chakula cha kuku. Mishipa ilikaushwa ikawa uzi wa kushonea, kwato zikawa gundi, mafuta yakalainisha viungo vya mashine. Pembe za swala zilikuwa mipini ya visu, na Mwantumu, mwenye stashahada ya usindikaji wa ngozi na miaka mingi ya kunuka magome na chumvi, alijua kila kitu kilichobaki kingewekwa wapi. Hata miguu ya kungwi wa zamani, aliyegongwa na basi msimu wa kwanza, ilikuwa imening'inizwa stoo, mizima.

Ngozi ndiyo ilikuwa mtihani. Mtoto wa pundamilia huijua milia ya mama yake kabla hajajua kitu kingine, na wakubwa husalimiana kwa meno, wakitafunana shingoni taratibu kama wanawake wanaosukana. Mara ya kwanza Mamlaka ilileta kitambaa kilichochapwa milia. Dume alikitafuna mara moja, akatema, akampiga Kungwi teke lililovunja kamera. Mara ya pili wakaleta ngozi iliyokuzwa maabara. Ilikuwa nzuri mno, lakini milia yake haikuwa ya mtu yeyote anayefahamika, na familia ikaikimbia kama mzimu. Mara ya tatu Mwantumu alimvika Kungwi ngozi ya jike wa familia ileile, aliyegongwa na lori, baada ya kuigaragaza kwenye vumbi wanaloogea wenyewe. Sikio alimtafuna shingo, akatulia, akamfuata. Tangu siku ile kona wanayovukia, Kona ya Msumeno, haikuua.

"Ndiyo shida yenyewe," alisema Injinia Lusekelo, akiwa amesimama mbele ya Kungwi mwenye upara. "Tumefanya kazi vizuri mno."

Lusekelo alikuwa msimamizi wa kipande chote cha barabara ndani ya hifadhi, kijana wa Mbeya mwenye viatu safi na macho mekundu ya kukosa usingizi. Mwantumu alimpenda kiasi, kama mtu anavyompenda mtoto wa jirani anayesalimia.

"Hakuna aliyegongwa, kwa hiyo hakuna ngozi," aliendelea. "Na sheria inataka ngozi ya aliyegongwa tu."

"Sheria naijua, Injinia. Niliipigia makofi ilipokuja."

"Ngozi hii itamaliza wiki?"

"Haitamaliza hata kesho. Umeona mwenyewe barabarani kuna vitunguu."

Chiku, mshonaji, alikuwa akichoma sindano pembeni bila kuinua kichwa. Lusekelo alimtazama, akashusha sauti.

"Ijumaa jioni nitazima nguzo za Kona ya Msumeno. Saa moja tu. Matengenezo."

"Na Kungwi?"

"Atakuwa hapa kwako."

"Na malori?"

"Yatapita kama kawaida."

Mwantumu aliweka kisu cha kukwangulia mezani. "Injinia, mwanangu, hebu sema sentensi nzima. Usinipe vipande nikuungie."

"Sisemi mtu amuue mnyama. Nasema kama itatokea, tutakuwa na ngozi halali."

"Itatokea. Wanakwenda kunywa maji saa ileile."

"Basi itatokea." Alifuta uso kwa kiganja. "Mama, unadhani napenda? Nimepiga hesabu mpaka nimechoka. Mmoja akifa, waliobaki wanavuka misimu mingine miwili. Kungwi akisimama kazi, watakufa mmojammoja, na dereva mmoja au wawili juu yao. Kama una njia nyingine niambie sasa hivi, nami nitakushukuru."

"Na atakayegonga ni nani? Umemchagua? Ni yule wa vitunguu? Maana hilo lori lako la hesabu lina mtu ndani yake. Na akishagonga atafanya nini? Atashuka na kisu, kwenye kona, jua limeinama, ili nyama isiharibike. Hapo ndipo anapokufa. Mnyama anamuua dereva mara moja moja. Kisu kinamuua kila siku."

"Kwa hiyo una njia nyingine?"

Macho ya Mwantumu yalikwenda yenyewe kwenye kona ya stoo, kwenye magunia ya chumvi. Chiku alikohoa.

"Sina," Mwantumu alisema.

Injinia alipoondoka, Chiku alikata uzi kwa meno. "Dada, umemdanganya mtoto wa watu."

"Shona."

"Nashona. Lakini ngozi iko pale chini ya chumvi, na wewe unajua iko pale, na mimi najua unajua."

Chini ya chumvi kulikuwa na ngozi ya jike mwingine wa familia ileile, imesindikwa vizuri, laini, milia yake kamili. Ilikuwa na kasoro moja. Kooni ilikuwa na mkato, kutoka upande hadi upande. Mwantumu alipaswa kuichoma siku ileile. Mkato wa kooni ulikuwa alama ya ujangili, na haikuwa sheria ya kipumbavu: kabla yake, watu walikuwa wakigonga wanyama kwa makusudi, wanachinja, wanauza nyama mpaka Morogoro na kusema ni ajali.

Lakini huyu aligongwa kweli. Na aliyemgonga, na kumchinja, alikuwa mume wake.

*

Shomari alikuwa kibarazani anachambua mchele, mguu wake wa kulia umekunjwa vizuri chini ya kiti. Ulikuwa mguu wa Mamlaka, uliotolewa na Mfuko wa Majeruhi wa Barabara. Ulijua kupanda ngazi, ulijua kusujudu, ulijua kutembea kwenye matope bila kuteleza. Mkewe alizoea kusema una akili kuliko mwenyewe.

Mwantumu alimwambia yote akiwa amesimama, bado na aproni yake ya ngozi. Shomari aliacha kuchambua.

"Uliniambia uliichoma ile ngozi."

"Nilikuambia usiiulize."

"Mama Mwajabu, miaka yote hiyo unalala na ushahidi stooni!"

"Ilikuwa ngozi nzuri. Mimi sichomi ngozi nzuri."

Shomari akacheka bila kutaka, kisha akaacha. Siku ya ajali alikuwa na lori la mbao. Jike alitoka majanini na mtoto wake. Lori likamchukua mama, kioo cha pembeni kikamchukua mtoto nusu ya sikio. Shomari alishuka na kisu kama madereva wote wa barabara ile. Watu walibishana baadaye kama nyama ya pundamilia inaliwa au hailiwi, lakini yeye hakuwa akiwaza nyama. Jike alikuwa anapiga mateke, alisema, na mtoto amesimama anatazama. Akasema Bismillahi, akakata. Basi lilipokunja kona lilimkuta amepiga magoti. Mwantumu, aliyekuwa zamu ya kuokota mizoga, aliokota vyote viwili jioni ile, mume na mnyama. Mfuko uliambiwa dereva aligongwa akikagua tairi.

"Sema tu aligongwa," Shomari alisema. "Si uongo. Aligongwa kweli, nani anajua kuliko mimi? Chiku atashona, mkato hautaonekana."

"Ukionekana nitasema nini? Nimesahau? Na usipoonekana ni vibaya zaidi. Mwezi ujao kila dereva wa barabara hii atajua karakana ya Mwantumu inapokea ngozi iliyokatwa koo. Wataniletea foleni. Watagonga, watachinja, watauza nyama, ngozi wataniletea mimi kwa tabasamu. Nawajua. Nimeolewa na mmoja."

"Kwa hiyo utasema kuchinjwa."

"Nikisema kuchinjwa bila jina la aliyechinja, ngozi inachomwa. Nikilitaja jina, ngozi inakuwa kielelezo cha kesi, haichomwi mpaka kesi iamuliwe. Lakini jangili hana haki kwenye Mfuko."

Shomari alitazama chini, kwenye mguu.

"Huu ndio unaonipeleka msikitini," alisema. "Ndio unaonipeleka chooni, Mama Mwajabu. Unaelewa? Magongo sikuyaweza. Nilianguka mpaka watoto wa jirani wakaniimbia."

"Naelewa. Ndiyo maana nakuuliza. Sikuambii, nakuuliza. Mguu ni wako."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, Ijumaa Injinia anazima nguzo. Mimi nitasimama kwenye kona na kibendera nipungie malori mpaka mkono ung'oke. Labda yatasimama."

"Labda yatakukanyaga."

"Labda."

"Huko si kuniuliza, mwanamke. Huko ni kunikaba."

"Basi nimekukaba! Unataka nifanyeje? Ningekuwa na njia nzuri ningeipika ukaila!"

Shomari aliweka ungo chini, akainuka, akaanza kutembea uani, kwenda na kurudi. Mguu wa Mamlaka haukutoa sauti. Mwantumu alisimama pale akimtazama mumewe anavyokwenda kimya kama paka, na ilimuudhi kwamba hata hasira yake hakuweza kuisikia.

Hakumjibu jioni ile. Siku iliyofuata hakumjibu pia, na Ijumaa asubuhi alipoamka alikuta kitanda upande wa pili ni kitupu na mlango umerudishiwa tu.

*

Hata hivyo walimvika Kungwi. Chiku alishona koo kwa mshono wa ndani, manyoya kwa manyoya, mpaka upitishe kidole ndipo uugundue. Waliigaragaza ngozi kwenye vumbi la familia, na alasiri wakampakia Kungwi kwenye gari la karakana. Mwantumu alipita stoo kwa mara ya mwisho, akachukua kitu kirefu, akakifunga kwenye gunia, akakitupia nyuma ya gari. Chiku aliangalia gunia, akamwangalia yeye, akapanda gari.

Jua lilikuwa bado juu ya mbuga walipofika Kona ya Msumeno. Lusekelo alikuwa amekwisha kufungua mlango wa chuma wa nguzo ya kwanza. Aliona gari, akaona shingo ya milia inachomoza nyuma yake, akasimama wima.

"Umepata wapi hiyo?"

"Funga nguzo yako kwanza, ndipo uniulize."

"Mama, umepata wapi hiyo ngozi?"

Akamwambia. Alisema kwa ufupi, kama anayesoma maelekezo ya dawa, na hakuruka hata pale pa kisu. Walipomshusha Kungwi, Lusekelo alimzunguka mara mbili. Aliinama, akapitisha kidole kooni, akauona mshono, akabaki ameinama kwa muda mrefu kuliko mshono ulivyohitaji.

"Mshono kama huu," alisema polepole, "unaweza kuwa wa kisu cha fundi. Fundi amechuna vibaya. Inatokea. Mama, Kungwi akikuuliza, jibu kugongwa. Mimi sijaona kitu."

Hapo ndipo Mwantumu alipochoka kweli. Siku zote alikuwa amejiandaa kupambana na mtu mbaya, na sasa kijana wa watu alikuwa amesimama mbele yake anampa mguu wa mumewe bure.

"Usinifanyie wema, Injinia. Sina nguvu ya kuukataa mara mbili."

Alibonyeza ubavu wa Kungwi. Mashine haikuwa ikitembea mpaka ngozi yake isajiliwe. Ikazungumza, kwa sauti ya msichana aliyelelewa vizuri mjini.

"Karibu. Taja chanzo cha kifo. Kugongwa au kuchinjwa?"

"Vyote viwili," Mwantumu alisema.

"Samahani. Chagua kimoja. Kugongwa au kuchinjwa?"

"Aligongwa, hakufa, anateseka, akachinjwa. Ungekuwepo ungefanyaje wewe?"

"Samahani. Chagua kimoja."

"Kumbe hata mashine ni wakaidi kama watu!"

"Dada," Chiku alisema, akinyoosha kidole. Upande wa pili wa barabara majani yalikuwa yameanza kutikisika. Sikio alikuwa amefika ukingoni, nusu sikio limesimama, na nyuma yake walikuja wengine, wakisukumwa na kiu. Hawangengoja.

"Kugongwa au kuchinjwa?" Kungwi aliuliza tena, kwa subira isiyo na mwisho.

Mwantumu alifungua kinywa. Neno la kwanza lilikuwa jepesi, lilikuwa mlangoni kabisa. Aliwaza Shomari akianguka kwenye magongo, watoto wakiimba.

Honi ililia nyuma yao. Lori lililopinda ubavu, likinuka vitunguu, lilikuja taratibu, taratibu kama harusi, likasimama kando na taa zake za tahadhari zikiwaka. Mlango wa abiria ukafunguka na Shomari akashuka, mguu wa Mamlaka kwanza.

"Nilikwenda kumfundisha huyu mtoto breki," alisema, kana kwamba ameulizwa. "Tangu asubuhi tuko Doma uwanjani. Hajui kitu." Akasogea mpaka kwa Kungwi. Alipoiona ngozi alisimama, akaigusa ubavuni kwa ncha za vidole, akaondoa mkono haraka. "Ndiye. Nilisahau alivyokuwa mkubwa."

"Taja chanzo cha kifo," Kungwi alisema.

"Kuchinjwa."

"Baba Mwajabu," Mwantumu alisema, "si lazima uwe wewe wa kusema. Mimi ndiye—"

"Uliniuliza, au hukuniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Basi acha nijibu." Akaigeukia mashine. "Kuchinjwa. Mchinjaji ni Shomari Mkude, dereva, wa Doma. Andika vizuri."

"Asante. Taarifa imepokelewa. Ngozi hii ni kielelezo. Kielelezo kihifadhiwe mahali penye ulinzi wa Mamlaka mpaka shauri litakapoamuliwa."

Lusekelo alitazama nguzo, kamera zake, taa zake, waya zake. Akamtazama Kungwi, ambaye kila hatua yake ililindwa na nguzo zile usiku na mchana. Akaguna, guno la mtu aliyeudhika na kufurahi kwa pamoja.

"Barabara yote hii," alisema, "hakuna mahali penye ulinzi kuliko mgongoni kwake. Na kesi zetu..." Hakumalizia. Kila mtu alijua kesi za Mamlaka zinavyokwenda. "Ihifadhiwe hapo."

Kungwi akapiga hatua ya kwanza. Wakati uleule mguu wa Shomari ulitoa mlio mdogo, kama simu inayozimika, ukakakamaa gotini. Alipepesuka. Mwantumu alikuwa amekwisha kumwekea bega kabla hajaanza kuanguka.

"Wana haraka hawa," Shomari alisema, akihema. "Leseni yangu iliwachukua miezi kuitoa, mguu wameufunga kabla sijanyamaza."

"Nyamaza sasa. Tazama."

Kungwi alivuka lami akaingia majanini upande wa pili, akasimama mbele ya Sikio. Malori yalikuwa yamesimama pande zote mbili, injini zikinguruma chini kwa chini. Sikio alinyoosha shingo. Akanusa begani, akanusa ubavuni, kisha akafanya kile ambacho wote walikuwa wakikiogopa: alishusha mdomo mpaka shingoni, akaanza kutafuna, akishuka, akishuka mpaka kooni, juu ya mshono.

Akaacha. Chiku alishika kichwa.

Sikio hakukimbia wala hakupiga teke. Alibaki midomo yake ipo pale kwenye mshono, nusu sikio limelala nyuma, muda mrefu, mpaka dereva mmoja asiyejua kitu akapiga honi na mwenzake akamtukana. Kisha akainua kidevu, akakilaza juu ya mgongo wa Kungwi, kama walazavyo watoto wakubwa wakidhani hakuna anayewaona.

Shomari aligeuza uso upande mwingine.

"Vumbi," alisema.

"Sijakuuliza kitu," Mwantumu alisema.

Wakavuka. Kungwi mbele, Sikio ubavuni, wengine nyuma kwa mstari, na mtoto mwenye miguu mirefu mwisho kabisa, akisimama katikati ya lami kunusa kitunguu kilichobaki tangu Jumatano, huku lori la mbao likimngoja. Walipotelea bondeni, upande wa maji. Lusekelo alifunga mlango wa nguzo yake, akageuza ufunguo, akauvuta kuhakikisha.

"Mzee Shomari," alisema, "barua itakuja. Nitaandika ya upande wangu pia. Sijui kama itasaidia."

"Andika. Na huu uchukue." Shomari alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori la vitunguu, anafungua mikanda. Aliuvua mguu wa Mamlaka, mkakamavu kama gogo, akamkabidhi Injinia, naye akaupokea kwa mikono miwili bila kujua aushike wapi. "Ulikuwa mguu mzuri. Mwambie atakayepewa asiuingize kwenye maji ya chumvi."

Kisha akabaki amekaa. Lami ilikuwa mbele yake, gari la karakana hatua kadhaa mbali, na katikati hapakuwa na pa kushika. Mwantumu aliona anavyoupima ule umbali.

Akaenda nyuma ya gari, akarudi na gunia, akalifungua miguuni pake. Ulikuwa mguu wa nyuma wa kungwi wa zamani, goti lake limepakwa mafuta upya, na juu yake amefunga mikanda mipya ya ngozi ya swala yenye matundu yaliyotobolewa kwa kipimo cha paja analolijua. Chini ulikuwa na kwato.

Shomari aliutazama. "Huu umeushona lini?"

"Jana."

"Jana nilikuwa sijakujibu."

"Nimeolewa nawe tangu lini? Inua paja. Usinitazame hivyo, stoo kuna mingine mitatu, huu ukikushinda tutajaribu wa mbele."

Akamfunga mikanda mwenyewe, akikaza kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika, na kijana wa vitunguu akamshika mkono kumwinua. Shomari alisimama. Akajaribu hatua moja, ya pili. Goti lilikunjika kinyume na la mtu, kwa hiyo alikwenda akiyumba kidogo, lakini alikwenda, na kwato ikagonga lami kwa sauti iliyosikika mpaka mtaroni: ko, ko, ko.

Bondeni, katikati ya majani, sikio moja na nusu likasimama. Kisha masikio mengine. Mtoto mwenye miguu mirefu akatoa kichwa chote nje, akatazama juu barabarani, akaanza kupanda.

"Panda gari," Mwantumu alisema, akimsukuma mumewe mgongoni. "Panda upesi, Baba Mwajabu, kabla hawajakufuata nyumbani. Mimi sina pa kuwalaza."